Imezimwa, Imezimika

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mshona nguo aliitwa ofisini kwa mumewe akasomewe mumewe kutoka kwenye karatasi. Alipotoka nyumbani alikuwa mke wa tarishi, kaacha kola ya sare ya shule chini ya sindano ya cherehani. Aliporudi alikuwa mke wa mwanamume anayezima pikipiki mbele ya nyumba ya mwanamke, na kola ilikuwa palepale, haina habari.

Aliyemwita ni mkuu wa usafirishaji. Madereva walimpa jina la Kiyoyozi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitoka jasho, na kwa kuwa naye, kama kile chombo kilichokuwa juu ya kichwa chake, alinguruma kutwa nzima na waliokuwa nje hawakuambulia baridi yoyote. Mshona nguo aliitwa kwa sababu ndiye mdhamini. Mumewe alipokabidhiwa pikipiki ya kupeleka sampuli za damu kutoka zahanati hadi maabara ya hospitali kubwa, ilitakiwa sahihi ya mtu mwenye shughuli inayoeleweka, na katika nyumba ile shughuli iliyoeleweka ilikuwa cherehani.

"Karibu ukae, mama," Kiyoyozi alisema. Kiti cha pili kilikuwa kimekaliwa na mafaili, na mafaili hayakuinuka. "Kusoma unajua?"

"Najua. Na masikio nayo yanafanya kazi."

Nyuma ya kioo makarani wawili waliacha kuandika. Kiyoyozi akavuta karatasi, akaanza kwa sauti ya mtu anayetangaza majina ya waliofaulu. "Wiki iliyopita. Jumatatu, imezimwa. Barabara ya machimbo ya kokoto, kwenye tuta. Jumanne, imezimwa. Palepale. Jumatano asubuhi imezimwa, mchana imezimwa. Palepale na palepale. Tukatuma mtu akaangalie. Pana nyumba moja tu hapo, mama. Ya mwanamke. Anapiga watu pasi."

Karani mmoja akakohoa. Mwenye mafua hakohoi vile.

Aliyeyaandika hayo yote ni kijisanduku cheusi kilichofungwa chini ya kiti cha pikipiki. Ofisi ilivifunga kwenye pikipiki zake zote ili ijue dereva yuko wapi na amezima wapi. Madereva wakakiita Mbea, maana kinakaa kwako, kinakula umeme wako, halafu kinakwenda kukusema kwa watu. Petroli inaibwa, walisema wakubwa. Ni kweli ilikuwa inaibwa, ila si na watu wanaopanda pikipiki. Na kazi ya kuvifunga ilipewa kampuni ambayo mwenye nayo huingia kwa Kiyoyozi bila kubisha hodi.

"Labda inazimika yenyewe," mshona nguo alisema.

"Ingezimika ingeandikwa imezimika. Hapa pameandikwaje?"

"Imezimwa."

"Kiswahili si unakijua? Imezimwa maana yake yupo aliyeizima."

"Hicho kidude, neno imezimika kinalo?"

Kiyoyozi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali na meza. "Mama, mashine haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nimeuliza kama inajua kusema."

Kiyoyozi alipanga ncha za karatasi, akaeleza shauri lake, na alivyolieleza ungedhani anagawa sadaka. Mumewe aandike kwa mkono wake: nilizima pikipiki kwa shughuli zangu binafsi. Yeye mdhamini atie sahihi chini. Watampa onyo, watamkata kidogo kwenye mshahara, yaishe. Asipokiri mpaka Ijumaa, pikipiki inarudi, kazi inakwenda kwa mwingine, na wanaoitaka wamepanga foleni mpaka getini.

Ile damu iliyokuwa ikibebwa, kama ilifika nzima au iliharibikia juani pale kwenye tuta, hakuna aliyeiulizia. Damu haikuwa imefungwa Mbea.

*

"Nani huyo anayepiga pasi?" aliuliza jioni, kabla mumewe hajavua helmeti.

"Ni dobi."

"Sijauliza kazi yake."

Mumewe akaiweka helmeti juu ya meza ya kukatia vitambaa, mahali ambapo siku zote alikatazwa kuiweka. Mama yake mshona nguo, ambaye alihamia kwao tangu miguu ilipomkataa, alikuwa pembeni na kikombe chake cha chai, anasikiliza kwa mwili mzima.

"Mke wangu, inazimika. Nikifika kwenye lile tuta, nikikata kushoto kulikwepa shimo, zii! Dashibodi yote giza. Nashuka, navua kiti, natikisa betri, nachomoa plagi, naifuta, narudisha. Nikija kuipiga tena, inawaka kama si yenyewe."

Shimo lenyewe lilichimbwa kwa ajili ya bomba la maji. Kiongozi alikuja akapigwa picha ameshika sururu, bomba halikuja, shimo likabaki. Kila apitaye hapo lazima akate kushoto mpaka usukani ugote.

"Kila siku?"

"Kila nikipita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Kwamba pikipiki ina barabara nzima ya kufia, ikachagua mlango wa mwanamke? Ungesemaje?"

"Ningesema unanidanganya."

"Basi ndiyo maana."

"Kwa hiyo ukaona bora aniambie Kiyoyozi, na makarani wanikoholee."

Mumewe akaketi. Akasema fundi wa ofisi aliifunga pikipiki kwenye kompyuta si mara moja. Kwanza akasema sensa ya stendi, akabadilisha. Kisha akasema sensa ya kuanguka, akabadilisha. Pikipiki haikujali.

"Sensa?" mama akainua kichwa. "Si walishakuja wakatuhesabu? Wakaandika mpaka kuku."

"Si sensa hiyo, mama. Hivi ni vijidude vinavyohisi. Stendi ikiwa chini kimoja kinazuia injini, usije ukaondoka nayo ukaanguka. Kingine kinahisi pikipiki ikilala ubavu, kinazima."

"Kinahisi ikilala," mama aliiambia chai yake, maana mkwe hatazamwi usoni kwa maneno kama yale. "Wameweka cha pikipiki, cha mwenye pikipiki wakasahau."

Mshona nguo hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa shati la mumewe. Mashati ya nyumba ile aliyapiga pasi yeye, na hakuna shati lililotoka kwake likiwa na mstari kwenye mkono. Alisema mistari ya mkononi ni ya wahudumu wa hoteli. Shati lile lilikuwa na mstari kutoka begani mpaka kifundoni, umenyooka kama rula.

"Huu mstari kaupiga nani?"

Mumewe akautazama kama aliyeonyeshwa mdudu. "Nililichafua kwa grisi, leo mchana. Nikalivua. Nikiwa nahangaika na plagi yule dobi akalipitishia maji na pasi. Basi."

"Basi," mkewe akarudia.

"Mwanangu," mama akasema, "panapofuka moshi—"

"Mama, pasi haifuki moshi isipounguza. Nyamaza kwanza." Akamgeukia mumewe. "Kesho tunakwenda kwa fundi. Si wa kompyuta. Fundi mwenye mikono. Na mimi nitakuwepo, nione kwa macho yangu ni nani anayezima."

"Na mimi," mama akasema.

*

Fundi aliitwa Koleo, na kibanda chake kilikuwa ukuta mmoja na paa la mabati lililokodishwa na mashimo yake. Hakuifunga pikipiki kwenye chochote. Alijifutia mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akauliza, "Inazimika ukiwa unafanya nini?"

"Nimeshaeleza ofisini. Wanasema sensa."

"Sijauliza wanasemaje. Kila mwenye kazi ya kukaa anasema sensa. Ukiwa unafanya nini?"

"Nakata kushoto. Napanda tuta."

"Dashibodi inabaki na taa?"

"Giza tupu."

"Sensa ya stendi ikileta ukorofi, injini inakufa lakini dashibodi inakutazama. Hii imekatiwa umeme wote. Ndiyo maana kompyuta yao haioni kitu: umeme ukishakwenda, hata taa ya injini haina wa kuiwasha, na ukirudi hakuna kumbukumbu. Halafu wanaipima wapi? Kwenye sakafu laini, usukani umenyooka kama wa bwana harusi. Hapo itaumwa saa ngapi?"

Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Akatoa taa ndogo ya kupimia, ncha yake moja akaibana kwenye chuma, nyingine akaigusisha kwenye fyuzi inayopokea umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Taa ikawaka. Akatafuta wa kuishika, akamwona mama ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mama mzazi, nishikie hapa. Usitikise. Ikizimika niambie."

"Nikiambulia shoti je?"

"Umeme wa betri hii haukuwezi wewe."

Injini ikapigwa, ikanguruma. Koleo akaugeuza usukani kulia taratibu. Taa ikawaka tu. Akaurudisha katikati, akaupeleka kushoto, kushoto, mpaka ukagota.

Injini ikafa. Taa mkononi mwa mama ikafa nayo.

"Yesu na Maria na Mtume!" mama akasema, hakutaka kumwacha yeyote nje. "Mimi sijagusa!"

Koleo akaunyoosha usukani. Taa ikarudi. Kushoto, ikaondoka. Katikati, ikarudi. Mshona nguo alisogea mpaka sketi yake ikagusa tairi.

"Sasa hapo nani kaizima?" aliuliza.

"Shemeji, hakuna aliyeizima. Imezimika."

"Rudia."

"Imezimika."

Alilitaka neno lile kama watu wanavyotaka maji. Mumewe, aliyesimama nyuma yake, alikuwa ameanza kutunisha kifua.

Koleo akainua tangi, akapitisha vidole kwenye shingo ya usukani, mahali nyaya zinapopita kutoka kwenye fremu kwenda mbele. Hapo ndipo waya wa Mbea ulipojisokotea kwenye waya mkubwa wa ufunguo, na waliouunga walizibana nyaya zote pamoja kwa kamba ya plastiki, wakavuta mpaka mwisho. Usukani ukienda kushoto, nyaya hazina pa kwenda. Koleo akauminya ule mkubwa kati ya kidole na kidole; ukajikunja kama uzi.

"Gusa hapa. Ngozi nzima, ndani shaba imekatika. Ncha zinagusana ukinyooka, ukikata kushoto zinaachana. Ukiutazama kwa nje utasema mzima wa afya." Akatabasamu. "Kama ndoa za watu."

"Tengeneza waya," mshona nguo alisema. "Ndoa sijakuletea."

Lakini juu ya kiungo kile palikuwa na sili nyekundu ya plastiki, imeandikwa kwa herufi za kujiona: UKIKATA UMEVUNJA MKATABA. Koleo akaitazama, akamtazama tarishi. Tarishi akautazama ukuta.

"Tungewaomba ofisini kwanza," alisema.

"Uwaombe nini? Wakuandikie barua ya kukuruhusu usizimikiwe?"

"Ni mali ya serikali, mke wangu."

"Na mimi ni mali ya nani?" Alitoa mkasi wake mdogo wa nyuzi kwenye mkoba, akainama, akaikata sili. Ilianguka kwenye vumbi ikalia kidogo, kama kifungo.

Koleo akalikata lile tumbo bovu la waya, akaunga kipya kwa risasi iliyoyeyushwa, akaacha nyaya ziwe na ulegevu wa kutosha, akafunga utepe mweusi. Wakajaribu tena. Kushoto mpaka mwisho, taa inawaka. Koleo akaupepesua usukani kwa fujo, akapiga tairi teke. Inawaka. Mama akakataa kuirudisha taa, alisema amezoea.

Kipande kibovu na ile kamba ya plastiki mshona nguo alivifunga kwenye kitambaa. Njiani kurudi, mama akiwafuata kwa bajaji kama walivyokuja, mshona nguo alimshika mumewe kiuno kwa mikono miwili, jambo ambalo hakulifanya walipokwenda.

*

Ijumaa Kiyoyozi alikifungua kile kitambaa kwa ncha ya kalamu, kama kimefungiwa kitu kilichokufa.

"Hiki nini?"

"Ni waya wa pikipiki yenu. Minya, usikie ndani umekatika. Na hiyo ndiyo kamba iliyoukata. Ukitaka, shuka nasi uani, fundi wetu yupo, dakika chache tu uone."

"Mimi nishuke juani?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Jua lipo kwa wote."

Nyuma ya kioo hakuna aliyekohoa safari hii. Kiyoyozi akausukuma ule waya kwa kalamu mpaka ukingoni mwa meza. Hakuuminya. Alichouliza kilikuwa kimoja.

"Nani aliyekata sili?"

Tarishi akafungua mdomo. Mkewe akamtangulia. "Mimi."

"Unajua umeharibu nini?"

"Kipande cha plastiki."

"Umeharibu ushahidi. Sasa mimi nitajuaje huu waya haukukatwa na nyinyi wenyewe? Kampuni ilifunga vizuri, ikatia sili. Nyinyi mkafungua, na leo waya mbovu. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua." Akabonyeza kitufe, akamwita fundi wa ofisi, yule wa sensa. "Ipeleke pikipiki yao nyuma. Rudisha kila kitu kama kampuni ilivyokiacha. Tia sili mpya."

"Kama ilivyokiacha?" mshona nguo aliuliza. "Na ubovu?"

"Kama ilivyokiacha," Kiyoyozi alisema, na fundi akatoka.

Ndivyo walivyo. Ukiwaletea ugonjwa wanakuuliza cheti, ukiwaletea dawa wanakuuliza nani kakuruhusu kupona. Watu wa kuwaaibisha kwa kweli walikufa zamani. Hawa wa sasa ukweli ukiwaingia mlangoni wanaupa kiti chenye mafaili.

Wakapewa karatasi, wakaambiwa wakaandikie kwenye benchi la korido. Tarishi aliandika taratibu. Mkewe alisoma juu ya bega lake: pikipiki ilizimika. Mumewe akaipeleka kwa Kiyoyozi. Ikarudi ina mstari mwekundu.

"Amesema niandike nilizima."

"Nimeuona waya kwa macho yangu," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Mama yangu ameshika taa. Sasa unataka nitie sahihi kwamba ulikuwa kwa yule mwanamke?"

"Hapajaandikwa mwanamke. Pameandikwa shughuli binafsi."

"Wewe shughuli binafsi nyingine unayo?"

"Nina nyumba ya kulisha. Hiyo ndiyo shughuli." Macho yake hayakutoka kwenye karatasi. "Neno tu, mke wangu. Halina mfupa."

Akaandika. Nilizima pikipiki kwa shughuli zangu binafsi. Kwenye ilizimika kalamu ilikuwa imekwama mara kadhaa. Kwenye nilizima ilipita moja kwa moja kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mkewe aliliona hilo, akajichukia kwa kuliona. Kisha akatia sahihi chini, kwa herufi kubwa, ili Kiyoyozi asije akauliza kama anajua kusoma.

*

Fundi wa ofisi alitoka nyuma anasukuma pikipiki, anapiga mluzi. Sili mpya ilikuwa inang'aa shingoni mwa usukani.

"Umerudisha sili tu," mshona nguo alimwuliza, "au umezibana na nyaya?"

"Mimi narudisha ninachoambiwa, dada," alisema, akaenda zake na mluzi wake.

Mumewe akaipiga, ikawaka. Akamsubiri mkewe apande. Alipofika njia panda akawasha taa ya kulia.

"Hii ya kulia ni fupi," alisema.

"Pita ile ya kazini."

"Ina vumbi, utachafuka."

"Nina pasi."

Barabara ya machimbo ilikuwa nyeupe kwa unga wa kokoto. Mshona nguo alikaa ubavu, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba ule kitambaa chenye waya, maana Kiyoyozi aliwaambia waondoe takataka zao mezani. Kwa mbali akaliona tuta, na shimo la bomba pembeni yake, na nyumba moja yenye kibaraza. Kwenye kibaraza palikuwa na meza ndefu na mashati yametundikwa, na mikono yote ya mashati yale ilikuwa na mstari.

Mumewe akapunguza mwendo. Kila mtu hupunguza pale. Akakata kushoto kulikwepa shimo, usukani ukaenda mpaka ukagota, tairi la mbele likapanda tuta.

Zii.

Pikipiki ikarudi nyuma kidogo, ikatulia. Kwenye kibaraza mwanamke mwenye pasi akainua kichwa, mkono mwingine tayari unasogeza kigoda. Akamwona aliyekaa nyuma. Kigoda kikabaki hewani, wala hakikuwekwa wala hakikurudishwa.

"Nyoosha usukani," mshona nguo alisema.

Mumewe hakuunyoosha. Mgongo wake ulikuwa umeiziba dashibodi yote. Kama ilikuwa giza au ilikuwa na taa, hakuna aliyeiona ila yeye. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa juu ya swichi nyekundu, ile inayozima injini na kuiacha dashibodi na taa zake, mahali ambapo kidole gumba cha kila dereva hukaa.

Mkewe akashuka. Akasimama kwenye vumbi, kati ya shimo na kibaraza.

"Baba watoto," alisema, "imezimika, au umeizima?"